Sura ya Sita: Kipimo cha Wiki Mbaya

Anayetaka kumwona mtu mwenye shughuli nyingi Dar es Salaam asiende ofisini kwake. Asimame Kimara Mwisho saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, watu wanapogombea mwendokasi, aangalie nyuso. Yule mama aliyekumbatia mkoba kifuani ameamka saa kumi. Amechemsha chai, amewavalisha watoto sare, ameacha maagizo ya mboga ya mchana. Atafika Posta akiwa amechelewa kidogo, atatoka saa kumi na moja jioni, atarudi na umati uleule, kisha ataingia jikoni. Akipanda kitandani saa tano usiku ataapa kwamba mwili umekwisha, na hatakuwa amesema uongo. Mwambie afanye mazoezi uone atakavyokutazama.

Hebu tumfuate tena, safari hii tukiangalia miguu yake tu. Nyumbani hadi kituoni ni bodaboda. Kimara hadi Kivukoni amesimama palepale, amebanwa. Kutoka pale hadi ofisini anatembea dakika chache, na hizo ndizo za maana kuliko zote za siku yake. Ghorofa ya nne anapanda kwa lifti. Kuanzia hapo ni kiti. Chai ya saa nne analetewa, wali maharage wa mchana unakuja kwenye hotipoti ya mama lishe, na lile faili ambalo zamani angelipeleka mwenyewe chumba cha masijala sasa linakwenda kwa barua pepe. Jioni ni kusimama tena garini, bodaboda tena hadi mlangoni. Amechoka kwa joto, kwa kelele, kwa kukosa usingizi na kwa kuwaza. Moyo na misuli yake havikupewa kazi.

Bodaboda nitaisemea kidogo. Sina ugomvi nayo usiku, wala mvua inapogeuza njia kuwa tope, na imewapa vijana wengi riziki. Ila imetunyang'anya ile kilomita ya mwisho, kutoka stendi hadi nyumbani, ambayo wazazi wetu waliitembea kila siku bila kuiita mazoezi. Ilikuwa kilomita ya bure, na tunalipa nauli ili tusiitembee.

Ushauri mwingi wa mazoezi umeandikwa kwa ajili ya wiki nzuri: wiki ambayo mtoto hapandi homa, hakuna msiba, bosi hajaleta kazi ya dharura Ijumaa alasiri. Mtu anajiandikisha jimu Januari akiwa katika wiki ya namna hiyo, analipa miezi mitatu, na wiki mbaya ya kwanza inamtoa asirudi tena. Ninachoshikilia katika sura hii ni kwamba mpango wa mazoezi upimwe kwa wiki mbaya. Usiposalimika katika wiki hiyo, si mpango.

Mwaka 1953 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wa daktari Jerry Morris na wenzake kuhusu wafanyakazi wa usafiri wa London, wapatao 31,000, wanaume wa miaka 35 hadi 64. Mabasi ya London yalikuwa na ghorofa mbili na wafanyakazi wawili. Dereva alikaa zamu nzima. Konda alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, vidato kati ya 500 na 750 kwa siku ya kazi. Waliajiriwa na shirika moja, waliishi mitaa ileile, walikula vyakula vilevile. Lakini makonda waliugua moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva, na walioshikwa na ugonjwa huo walichelewa kuupata na hawakufa nao kwa wingi kama wenzao wa usukani. Alipowalinganisha watu wa posta, Morris aliona mambo yaleyale: wapeleka barua waliozunguka kwa miguu na baiskeli walikuwa na nafuu kuliko makarani.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nimwamini. Mwaka 1956 yeye na wenzake walirudi na kutazama vipimo vya sare za wafanyakazi walewale, wakakuta suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana tangu walipoanza kazi. Maana yake huenda wenye vitambi walikuwa wakichagua usukani tangu mwanzo, na sehemu ya ile tofauti haikutokana na ngazi. Waliichapisha hoja hiyo wenyewe, ingawa ilipunguza makali ya ugunduzi wao. Tafiti nyingi za miongo iliyofuata zilikuja kuunga mkono wazo la awali, na Morris, aliyezaliwa mwaka 1910 na kuendelea kutembea na kuogelea hadi uzeeni, alifariki mwaka 2009 ikiwa imebaki miezi michache atimize miaka 100.

Sasa mtazame yule konda. Hakuwa na nafasi. Hakuna aliyempangia saa ya mazoezi, hakuwa na viatu maalumu, na kama angeulizwa angesema yuko kazini tangu alfajiri. Mwendo wake ulikuwa ndani ya shughuli zake. Swali la kujiuliza, basi, si wapi utaipata saa moja ya ziada. Huna saa hiyo, na ukiipata utalala. Jiulize ni sehemu gani ya siku yako inayoweza kurudishiwa miguu.

Kabla ya kuendelea, niwatoe baadhi ya watu katika sura hii. Kuli anayeshusha magunia Kariakoo na msukuma mkokoteni hawana haja ya kuambiwa wajitikise. Watafiti wa Denmark, akiwamo Andreas Holtermann, wameonyesha kwamba kazi nzito ya siku nzima haileti faida ileile inayoletwa na mazoezi ya hiari. Mtu anayenyanyua mizigo saa nane bila kupumua anaumaliza mwili, hauimarishi. Huyo anahitaji mapumziko na ujira wa haki. Hali kadhalika mama anayeteka maji kwa ndoo, akafua kwa mikono na kudeki nyumba nzima. Ikiwa mume wake ana kitambi na presha, dawa ya wote wawili ni moja: mume achukue beseni la nguo Jumamosi. Kufua mashuka ya vitanda vitatu, kuyakamua na kuyaanika ni kazi ya mwili isiyo na utani, na hakuna kanuni inayosema lazima ifanywe na mwanamke.

Tunaobaki ni sisi wa viti. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule unaokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba, au nusu ya hizo akienda kwa nguvu. Pamoja na kuishughulisha misuli siku mbili au zaidi. Hayo yamesemwa sana. Lisilosemwa sana ni badiliko la mwaka 2020. Miongozo ya awali ilitaka mwendo uhesabiwe pale tu unapodumu dakika 10 mfululizo au zaidi. Miongozo mipya imeliondoa sharti hilo. Dakika mbili za ngazi zinahesabiwa. Dakika nne za kukimbilia gari zinahesabiwa.

Mwaka 2022 jarida la Nature Medicine lilitoa utafiti ulioongozwa na Emmanuel Stamatakis wa Chuo Kikuu cha Sydney. Timu yake ilichukua takwimu za Waingereza 25,241 waliosema hawafanyi mazoezi wala mchezo wowote, waliokuwa wamevaa vifaa mkononi vya kupima mwendo, ikawafuatilia kwa miaka karibu saba. Waliokuwa na vipindi vitatu hivi kwa siku vya kujitutumua, kila kimoja dakika moja au mbili, kama kupanda mlima haraka au kubeba mizigo ya sokoni kwa hima, walikufa kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 38 hadi 40 wakilinganishwa na wasiokuwa navyo kabisa. Kwa vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa upungufu ulikaribia nusu. Utafiti wa namna hii huonyesha mambo yanayokwenda pamoja. Peke yake hauthibitishi kwamba moja limelizaa jingine. Hata hivyo kwa mtu anayesema hana nafasi, dakika tatu au nne kwa siku ni deni dogo mno la kulikimbia.

Na zile hatua 10,000 zinazotajwa na kila simu? Chanzo chake si maabara. Mwaka 1965, baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kilichobeba idadi hiyo kwenye jina lake, na namba ikapendwa. I-Min Lee wa Harvard alipowachunguza wanawake 16,741 wa Marekani wenye wastani wa miaka 72, katika utafiti uliotoka mwaka 2019, aliona nafuu ya maisha inaanza kuonekana kwenye hatua kama 4,400 kwa siku, inaongezeka, kisha inatulia karibu na 7,500. Kwa hiyo mwenye hatua 3,000 asikate tamaa kwa sababu 10,000 ziko mbali. Aongeze 1,500.

Kwenye suala la kukaa nina mfano wa nyumbani. Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa matunda na mizizi wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, wamechunguzwa kwa miaka mingi na timu za wanasayansi, wakiwamo David Raichlen, Herman Pontzer na Mtanzania Audax Mabulla. Wengi wetu tungedhani wanashinda mbioni. Utafiti wa wanasayansi hao wa mwaka 2020 ulikuta kwamba Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kwa siku, muda unaokaribiana na wa watu wa ofisini. Tofauti ni namna ya kupumzika. Sehemu kubwa ya muda huo wanachuchumaa, wanapiga magoti au wanakaa chini, na vipimo vya misuli vilionyesha kwamba anayechuchumaa miguu yake inaendelea kufanya kazi kidogo, wakati ya aliyezama kwenye kiti imezimika.

Nyumba za pwani zilikuwa na mkeka, kigoda na mbuzi ya kukunia nazi. Mtu aliinama, alikaa chini na kuinuka mara nyingi kwa siku, na wazee wa miaka 70 walinyanyuka mkekani bila kushikwa mkono. Sofa zimetuletea heshima sebuleni na magoti yasiyokunjika. Sisemi tuziuze. Ila taarifa ya habari ya saa mbili inaweza kutazamwa ukiwa mkekani, na kila ukitaka maji uinuke mwenyewe uyafuate, usimtume mtoto. (Watoto wa Kiswahili wanatumwa mno. Mwendo wa nyumba nzima wameubeba wao.)

Nirudi kwa mama wa Kimara, maana nadharia bila njia ni kelele. Kikwazo chake cha kwanza ni jasho. Joto la Dar es Salaam mwezi Februari halimruhusu mtu kutembea haraka asubuhi akiwa na blauzi ya ofisini. Ndiyo maana nashauri mwendo uwekwe upande wa kurudi nyumbani. Jioni jasho halimdhuru mtu, maji ya kuoga yanakungoja, na ukiwa kwenye daladala foleni yenyewe inakualika ushuke. Anayeshuka kituo kimoja au viwili kabla ya chake na kumalizia kwa miguu, mara nyingi hapotezi chochote, kwa sababu gari alilolishuka bado limekwama nyuma yake. Kile kipande cha bodaboda nacho mama wa Kimara akitembee siku tatu kati ya tano, na nauli aliyoiokoa ni yake.

Kikwazo cha pili ni usalama, na wanaume wanaoandika vitabu vya mazoezi hukiruka. Huwezi kumwambia mwanamke akakimbie saa kumi na moja alfajiri kwenye kichochoro kisicho na taa. Barabara zetu nyingi hazina njia ya waenda kwa miguu, na pale ilipo imeegeshwa magari au imepangwa meza za biashara. Kwa hiyo sehemu ya mwendo lazima iwe ndani ya kuta nne. Jikoni, maji ya ugali yanapongoja kuchemka, simama hatua mbili kutoka ukutani, weka viganja ukutani usawa wa kifua, kunja viwiko mpaka pua ikaribie ukuta, jisukume urudi. Mara 15. Anayeona ni rahisi ashushe mikono kwenye ukingo wa meza imara, na baada ya wiki kadhaa sakafuni. Hapo atakuwa anapiga pushapu kamili bila kujitangaza. Kisha chukua kiti kisicho na magurudumu, kunja mikono kifuani, inuka bila kushika kitu, halafu ukae taratibu ukihesabu moja, mbili, tatu. Wengi wanaofanya kazi za kukaa mapaja yanaanza kuwaka wakikaribia mara ya kumi, hata vijana. Dumu la lita 5 likijazwa maji lina uzito wa kilo 5, la lita 20 lina kilo 20. Nyumba yoyote yenye madumu ina vyuma vya mazoezi.

Ofisini kuna ngazi. Anza kwa kushuka, wiki ya kwanza. Kisha panda ghorofa mbili na umalizie kwa lifti. Umeme ukikatika utashangaa jinsi wenzako wanavyohema, na wewe unaendelea na maongezi. Na baada ya chakula cha mchana zunguka jengo dakika tano kabla ya kurudi mezani. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila msaada mkubwa wa insulini, ndiyo sababu matembezi mafupi baada ya kula hupunguza ule mruko wa sukari. Kwa anayetoka kula sahani ya wali na soda, dakika tano hizo zina thamani.

Sasa ile wiki mbaya yenyewe. Mtoto kalazwa, au mtihani wa bodi ya wahasibu umekaribia, au ni mwisho wa mwaka wa fedha na mahesabu hayalingani. Wengi hapa huacha kabisa, kwa kuamini kwamba nusu ya mazoezi ni sawa na bure. Ushahidi unasema kinyume. Miaka ya 1980 Robert Hickson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, waliwafanyisha watu mazoezi makali ya dakika 40, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 10. Baadaye wakawapunguzia. Waliobakishiwa siku 2 kwa wiki, na katika jaribio jingine waliobakishiwa dakika 13 kwa siku, walilinda uwezo wao wa pumzi kwa wiki 15. Walioporomoka ni wale waliopunguziwa ukali. Kwa upande wa misuli, utafiti wa Alabama uliotoka mwaka 2011 uliwapunguzia watu mazoezi ya vyuma hadi sehemu moja ya tisa, yakifanywa siku moja tu kwa wiki, na kwa wiki 32 vijana wakaihifadhi misuli waliyoijenga. Wazee wa miaka 60 na zaidi walihitaji zaidi ya hapo kuilinda isinywee.

Kujenga nyumba kunakula miaka na fedha. Kuifagia ni dakika chache kila asubuhi. Wiki mbaya ni ya kufagia tu. Punguza siku, punguza dakika, usipunguze nguvu. Mara mbili kwa wiki panda ngazi kwa kasi mpaka maneno yakukatikie, fanya duru moja ya pushapu na ya kuinuka kitini, basi. Wiki ikipita unaendelea ulipoishia, huanzi upya.

Kuna pia wale ambao wiki nzima ni mbaya na Jumapili pekee ndiyo yao. Nawapa moyo. Utafiti wa mwaka 2017 uliowahusu watu zaidi ya 63,000 wa England na Scotland ulikuta kwamba waliofanya mazoezi ya kutosha siku moja au mbili tu za wiki walikuwa na nafuu ya kuishi karibu sawa na walioyagawa siku nyingi. Habari hiyo ni njema kwa klabu za jogging za Temeke, Ilala na Kinondoni, zinazojaza barabara Jumapili alfajiri kwa fulana za rangi moja na nyimbo. Waliosoma shule za msingi za Tanzania wanaijua siri ya mambo hayo tangu mchakamchaka: mguu unafuata wimbo, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuachia mstari. Tena kundi lina simu za kukuamsha, lina mchango wa msiba, na usipoonekana Jumapili mbili watu watakuulizia. Jimu haikuulizii.

Bonanza za maveterani nazo ni nzuri, kwa sharti moja. Mtu aliyekaa mwezi mzima asiingie uwanjani kukimbiza mpira kama alivyokuwa na miaka 20. Vifundo vya miguu na mishipa ya nyuma ya kisigino vina kumbukumbu fupi. Atembee haraka wiki nzima ndipo acheze. Ile nyama choma na bia za baada ya mechi sitazisema. Kila mtu anajua hesabu yake.

Serikali nazo zinaweza kusaidia, zikiamua. Mwishoni mwa mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi, na kwa muda watumishi walionekana viwanjani. Mwaka huohuo Kigali ilianzisha siku ya kufunga barabara kadhaa kwa magari Jumapili asubuhi, watu wakimbie, waendeshe baiskeli na kupimwa afya bure, na hadi sasa haijaiacha. Kwa maoni yangu njia hiyo ya Kigali ina akili zaidi, kwa sababu haimwagizi mtu kufanya mazoezi. Inampa barabara.

Mwisho ni suala la kuzoea. Utamsikia mtu akisema tabia hujengwa kwa siku 21. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walipima jambo hilo mwaka 2010: kwa mtu wa katikati ilichukua siku 66, na wengine walikadiriwa kuhitaji hadi 254. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakukuvuruga chochote. Kwa hiyo usijihukumu kwa Jumanne iliyokushinda. Jumatano ipo.

Leo kabla ya kulala andika kiwango chako cha chini, kile utakachokifanya hata wiki ikiwa mbaya kiasi gani, na kiwe kidogo kiasi kwamba utaona haya kumwambia jirani. Kama umepita miaka 40 na hujawahi kupima presha wala sukari, au ukipanda ngazi kifua kinabana, pita kwanza kituo cha afya ukapimwe kabla ya kuanza kupanda ngazi kwa kasi. Maumivu ya kifua hayatibiwi kwa mazoezi uliyojipangia mwenyewe.